Mita 60 Walizopimiwa Wanawake

Septemba 1960, mjini Roma, mwanamke Mmarekani aliyeugua polio utotoni na kufungwa chuma mguuni kwa miaka kadhaa alishinda medali tatu za dhahabu za mbio fupi: mita 100, mita 200 na mbio za kupokezana vijiti. Jina lake Wilma Rudolph, na magazeti ya dunia yalimtangaza kuwa mwanamke mwenye kasi kuliko wote. Olimpiki hizo zilifungwa tarehe 11. Tarehe 18 ya mwezi huohuo, mji uleule ulipokea wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, watu wa viti vya magurudumu, kwa mashindano ambayo leo yanahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Walirusha mkuki, walitupa tufe, walilenga shabaha kwa upinde, waliogelea, walicheza mpira wa kikapu. Mbio hazikuwemo. Katika juma lile Roma haikuwa na mstari hata mmoja wa kuanzia na wa kumalizia uliochorwa kwa ajili yao. Wengine huitazama tofauti hiyo na kuona miili miwili, mmoja uliopona na mwingine ambao haukupona. Mimi naona ratiba mbili. Dai langu ni kwamba historia ya mbio fupi za wanawake wenye ulemavu imeandikwa na wapanga ratiba kuliko ilivyoandikwa na maradhi, ajali au vifaa. Kila mara umbali au daraja jipya lilipofunguliwa, wanawake walijitokeza na kulijaza kwa kasi ambayo hakuna aliyeitabiri. Lilipofungwa walitoweka, kisha kutoweka kwao kukatumiwa kama ushahidi kwamba hawakuwepo.

Tuanzie hospitalini, maana michezo hii ilizaliwa wodini. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alianzisha kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla yake majeruhi wa aina hiyo walihesabiwa kama watu wanaosubiri siku zao. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo viliwamaliza. Guttmann aliagiza wageuzwe kitandani mchana na usiku, akawapa kazi za mikono, akawapa na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki za London zilipofunguliwa, alifanya mashindano ya upinde katika viwanja vya hospitali: washindani 16, wanaume 14 na wanawake 2. Hesabu hiyo haishangazi, kwa kuwa waliolazwa wengi walikuwa askari wa vita. Ila wanawake walikuwemo tangu siku ya kwanza, na jambo hilo lina uzito kwa yatakayofuata. Hawakuja baadaye kuomba kuongezwa kwenye mchezo wa wanaume. Walichorithi pamoja na wanaume ni mchezo ambao aliyeamua umbali alikuwa daktari, naye alipima afya kwanza, kasi baadaye.

Mbio ziliingia Tokyo mwaka 1964, mita 60 kwa viti vya magurudumu, za wanaume na za wanawake. Viti vilikuwa vilevile vya kila siku, vya chuma, vizito, vilivyobuniwa ili muuguzi amsukume mgonjwa kwenye ukumbi. Washindani waligawanywa kwa kufuata mahali uti wa mgongo ulipoumia, juu au chini ya pingili ya kumi ya kifua, kwa sababu aliyeumia juu ana misuli michache ya kiwiliwili ya kumsaidia kujiinamisha na kusukuma. Mgawanyo huo ulikuwa na busara. Miaka minne baadaye, Tel Aviv 1968, wanaume waliongezewa umbali hadi mita 100. Wanawake walibaki kwenye mita 60, na Heidelberg 1972 wakabaki papo hapo. Hapa ndipo mtu anaweza kuutetea uamuzi ule akisema kwamba madaktari walikuwa waangalifu tu, kwamba mabega ya aliyepooza ndiyo miguu yake na haifai kuyahatarisha. Hoja hiyo ingesimama kama isingekuwa ile pingili ya kumi. Madaraja yalikuwa yamekwisha kupanga watu kwa kadiri ya majeraha yao. Mwanamume na mwanamke walioumia pingili ileile walikuwa na upungufu uleule wa misuli kutokana na ajali, na wote wawili walitegemea mabega kuingia kitandani na kutoka. Ikiwa tahadhari ilikuwa ya kitabibu, ilipaswa kuwagusa wote wawili. Ukishaondoa jeraha kwenye hesabu, kinachobaki cha kueleza zile mita 40 ni jinsia peke yake.

Wala uamuzi huo haukuwa uvumbuzi wa watu wa viti vya magurudumu. Walioshika michezo wakati huo walikuwa wamekulia katika fikra iliyotangulia muda mrefu. Olimpiki za Amsterdam mwaka 1928 ziliwapa wanawake mita 800 kwa mara ya kwanza. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa rekodi ya dunia, dakika 2 na sekunde 16.8. Waandishi wa habari wakatangaza kwamba wanawake walianguka ovyo uwanjani, habari iliyotiwa chumvi kupita kiasi, na umbali huo ukafutwa. Ulirudi mwaka 1960, Roma ileile ya Wilma Rudolph, baada ya miaka 32. Kwa hiyo waliowapimia wanawake wa viti vya magurudumu mita 60 walikuwa wakirudia kosa ambalo michezo ya wasio na ulemavu ndiyo kwanza ilikuwa imelisahihisha. Mwanamke mwenye ulemavu alibeba tahadhari mbili, ya jinsia na ya ulemavu, na hakuna aliyejiuliza kama moja ilikuwa imekwisha kuihesabu nyingine.

Toronto mwaka 1976 mambo yalianza kufunguka. Wasioona na waliokatwa viungo waliingia katika Paralimpiki, na mbio za viti vya magurudumu zikarefushwa hadi mita 1500. Arnhem mwaka 1980 waliongezwa wanamichezo wenye mtindio wa ubongo. Kisha viti vyenyewe vikabadilika, kutoka magurudumu manne hadi matatu, kutoka chuma kizito hadi alumini nyepesi. Mwanamke anayekimbia kwa kiti cha mbio cha leo huwa amepiga magoti ndani yake, kifua kimelala karibu na mapaja, mikononi amevaa glavu ngumu. Hashiki gurudumu. Anaigonga pete ndogo iliyofungwa ubavuni mwake, anaisukuma hadi chini, anaiachia, mikono inaruka nyuma na kurudi tena. Mapigo ya kwanza ndiyo mazito kuliko yote, kwa kuwa kiti kimesimama na pete ni ndogo, mithili ya mtu anayeanza kuendesha baiskeli ikiwa kwenye gia ngumu. Ndiyo maana mita 100 za kiti cha magurudumu huamuliwa katika mita 20 za mwanzo, na ndiyo maana anayezimudu hizo huwa na mabega ya kutosha kwa umbali wowote. Tanni Grey wa Wales, aliyezaliwa na mgongo wazi, alilithibitisha hilo Barcelona mwaka 1992 kwa kushinda mita 100, 200, 400 na 800. Alizirudia zote nne Sydney mwaka 2000, na alipostaafu alikuwa na medali 16, 11 zikiwa za dhahabu. Chantal Petitclerc wa Kanada, aliyepooza akiwa na miaka 13 baada ya kuangukiwa na mlango wa ghala la shamba, alishinda kuanzia mita 100 hadi mita 1500 Athens mwaka 2004, mbio tano, dhahabu tano. Beijing mwaka 2008 akafanya hivyohivyo. Kutoka Heidelberg hadi Barcelona ni miaka 20. Katika miaka hiyo mwili wa mwanamke haukuota misuli mipya.

Msomaji makini atasema: bali kiti kilibadilika, na mguu bandia pia, basi ushindi ni wa mafundi. Pingamizi hili ni zito kuliko lile la madaktari, na nalichukulia kwa uzito wake. Ni kweli kwamba bila Van Phillips, Mmarekani aliyepoteza mguu na kisha kubuni mguu bandia wa nyuzi za kaboni unaojikunja na kufyatuka, Aimee Mullins asingekimbia kama alivyokimbia Atlanta mwaka 1996 juu ya miguu miwili ya aina hiyo. Lakini tuangalie kilichotokea London mwaka 2012. Marlou van Rhijn wa Uholanzi, asiye na miguu yote miwili chini ya magoti, alishindana na Marie-Amélie Le Fur wa Ufaransa, aliyekatwa mguu mmoja. Kama vifaa ndivyo vinavyokimbia, mwenye vifaa viwili alipaswa kushinda kila mahali. Mita 100 zilichukuliwa na Le Fur, kwa sababu kaboni haina msukumo wake yenyewe. Hurudisha tu nguvu iliyotiwa, na mtu anapoondoka kwenye mstari huwa hajatia nguvu yoyote bado. Mguu mmoja hai, wenye kifundo na shavu lake, una faida hapo. Mita 200 zilichukuliwa na van Rhijn, kwa kuwa kulikuwa na nafasi ya kuijenga kasi na kuitunza. Mbio mbili, wanawake walewale, vifaa vilevile, washindi tofauti. Kilichobadilika ni umbali, na aliyeuweka umbali huo ni mpanga ratiba. Rio mwaka 2016 van Rhijn alishinda zote mbili, na aliyemfuata katika zote mbili ni Irmgard Bensusan, Mjerumani aliyezaliwa Afrika Kusini, ambaye hatumii mguu bandia kabisa. Mguu wake upo, neva zake ndizo zilizoharibika. Kifaa ni sharti la kuanza kwa baadhi ya madaraja. Hakijawahi kuwa jibu la nani atashinda.

Pingamizi la kifaa huvaa sura nyingine linapofika kwa wasioona: husemwa kwamba anayekimbia ni mwongozaji. Wasioona kabisa hukimbia katika daraja la T11, macho yakiwa yamefunikwa ili asiwepo mwenye faida ya mwanga kidogo, kila mmoja akiwa na mwongozaji aliyeunganishwa naye kwa kamba fupi ya mkononi. Miguu yao hupiga chini pamoja, mikono yao hupunga pamoja, na mwongozaji lazima awe na kasi ya akiba, maana inabidi akimbie, aangalie na aseme kwa wakati mmoja. Haruhusiwi kumvuta mwenzake wala kuvuka mstari kabla yake. Kwamba sheria hiyo ina meno, Libby Clegg wa Uingereza alijua Rio: baada ya nusu fainali ya mita 100 aliondolewa kwa madai kwamba mwongozaji wake alimvuta, akakata rufaa, akarudishwa, akashinda dhahabu. Na kamba hiyo inayodhaniwa kuwa msaada inaweza kuwa ndiyo inayomwangusha mtu. Jerusa Geber wa Brazil alipata medali ya fedha London mwaka 2012. Katika fainali ya Tokyo kamba ilikatika, na mbio zake zikaishia hapo. Paris mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 42, alikimbia nusu fainali kwa sekunde 11.80, rekodi ya dunia, kisha akatwaa dhahabu ya mita 100 na ya mita 200. Mambo mengine ya daraja hili huonekana kwa anayehesabu njia tu: kila jozi huchukua njia mbili, kwa hiyo uwanja wa njia nane una fainali ya wanawake wanne. Anayeshika nafasi ya tano duniani haonekani fainali. Ni uamuzi wa lazima kwa usalama, lakini ni uamuzi wa ratiba pia, na umewaondoa wanawake wengi machoni petu bila wao kushindwa kwa maana ya kawaida ya neno hilo.

Mfano wa Omara Durand wa Cuba unaonyesha jinsi daraja linavyofanya kazi likipangwa vizuri. London mwaka 2012 alishinda mita 100 na 400 katika daraja la T13, la wenye uoni hafifu, akikimbia peke yake. Macho yalipozidi kufifia alihamishiwa T12, akaanza kukimbia na mwongozaji, Yuniol Kindelán. Rio alikimbia mita 100 kwa sekunde 11.40. Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi alikuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 1948, majira yaleyale ya joto ya upinde wa Stoke Mandeville, kwa sekunde 11.9. Nyuso za viwanja na saa za kupimia zimebadilika mno baina ya mbio hizo mbili, kwa hiyo siwalinganishi wanawake hao kama washindani. Naweka namba hizo pamoja kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mbio za Paralimpiki ni za kutiana moyo. Durand aliendelea hadi Paris, akastaafu na dhahabu 11. Kama ratiba isingekuwa na mahali pa kumpokea alipopoteza uwezo wa kuona njia vizuri, jina lake lingeishia mwaka ule wa kwanza.

Wapo wanaolalamika kwamba madaraja yamezidi, kwamba mita 100 za wanawake zenye mabingwa zaidi ya kumi hazina bingwa hata mmoja. Yaliyotokea Sydney mwaka 2000 yaliwapa nguvu, pale ilipogundulika kwamba timu ya Hispania ya mpira wa kikapu ya wenye ulemavu wa akili ilijaa wachezaji wasio na ulemavu huo. Udanganyifu huo ulikuwa wa timu moja ya wanaume. Adhabu iliwaangukia wanamichezo wote wa kundi hilo, ambao hawakushindana tena hadi London. Wanawake hawakupata mbio fupi katika daraja lao, T20, mpaka mita 400 zilipoingizwa Rio, na Breanna Clark wa Marekani alizishinda Rio na tena Tokyo. Nakubali kwamba mgawanyo mbovu huharibu mashindano. Sikubali kwamba dawa yake ni kupunguza madaraja, kwa sababu tunajua nani hupunguzwa kwanza. Wanawake wa daraja la T52, wenye viti vya magurudumu ambao mikono yao pia ina upungufu, walikuwa na mbio za kusisimua London, ambako Marieke Vervoort wa Ubelgiji alichukua mita 100 na Michelle Stilwell wa Kanada mita 200. Rio walikuwa na mita 100 na 400. Tokyo hawakuwa na mbio hata moja. Wanaume wa T52 waliendelea kukimbia Tokyo kama kawaida. Sababu ambayo hutolewa katika mabadiliko ya namna hii ni uchache wa washindani, na uchache huo upo kweli. Lakini shirikisho la taifa hulipia mazoezi na kiti pale penye medali. Mbio zikifutwa, fedha hufutwa, na msichana aliyeumia shingo mwaka huu hana anayemwita uwanjani. Uchache unaotajwa kuwa sababu huwa umezaliwa na maamuzi yaliyotangulia.

Kwetu Afrika hoja hii ina uso wake. Dhahabu ya kwanza ya Namibia, katika Olimpiki au Paralimpiki, haikuletwa na Frankie Fredericks pamoja na umaarufu wake wote. Yeye alipata za fedha nne. Ililetwa London mwaka 2012 na Johanna Benson, mwanamke mwenye mtindio wa ubongo, katika mita 200 za daraja la T37, baada ya kupata medali ya fedha katika mita 100. Medali ya kwanza kabisa ya Msumbiji katika Paralimpiki ililetwa Rio na Edmilsa Governo, shaba ya mita 400 za T12. Madaraja yote mawili hayadai kiti wala mguu bandia. Sidhani kwamba hilo ni bahati. Kiti kimoja cha mbio huzidi bei ya pikipiki, na nchi isiyoweza kununua viti kumi vya mazoezi haitapata bingwa wa kiti, hata iwe na wasichana wenye mabega namna gani. Ratiba ikielemea kwenye madaraja ya vifaa, mlango wa Afrika hufungwa bila mtu kutamka neno Afrika. Ikielemea kwenye T11 hadi T13, ya wasioona na wenye uoni hafifu, na T35 hadi T38, ya wenye mtindio wa ubongo, hufunguka.

Kenya na Uganda zilianza kushiriki Paralimpiki Heidelberg mwaka 1972, wakati wanawake wa viti vya magurudumu wakiwa bado na mita zao 60. Tanzania iliingia Barcelona mwaka 1992, mwaka wa dhahabu nne za Tanni Grey, na haijapata medali hadi leo. Kenya imezoea kutafuta wasioona wa mbio za kati na ndefu, kwa kuwa ndizo inazozijua, nayo ina haki ya kujivunia matokeo yake. Ila katika ukanda wetu wako wasichana wengi wenye ualbino, ambao kwa kawaida huwa na uoni hafifu, na baadhi yao wangetimiza vigezo vya T12 au T13 kama wangepimwa. Mengi yamesemwa juu ya kuwalinda, kwa haki kabisa, na machache juu ya kuwapima kasi. Pia wako wenye mtindio wa ubongo ambao shule zetu huwapa ruhusa ya kukaa pembeni wakati wa michezo, na ruhusa hiyo ni mita 60 za namna nyingine. Sydney mwaka 2000 wanawake walikuwa kiasi cha robo ya wanamichezo wote wa Paralimpiki. Paris walikaribia asilimia 45. Kamati za Paralimpiki za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni wanachama wa kamati ya kimataifa na zina sauti katika mkutano wake mkuu, kwa hiyo zinaweza kudai kwamba mbio za wanawake zisifutwe katika daraja lolote ambalo wanaume wanaendelea kushindana, na kwamba nafasi zinazoongezwa ziende kwanza kwenye madaraja yasiyohitaji kifaa cha kununua ng'ambo.